Bao litoke kijiweni, lirudi kwa watoto

Karibu kila mtaa wa Ifakara, mji wa Bonde la Kilombero, una kijiwe chake. Jua la bonde likishapoa, wanaume huvuta benchi chini ya mwembe, mmoja akaweka magotini ubao wa drafti uliochorwa kwa kalamu ya wino, mwingine akamwaga vizibo vya soda, vya huyu vikitazama juu, vya yule vikilala kifudifudi. Kijiwe cha pili ni cha bao. Kete zinagonga mbao, watazamaji wanabishana kuliko wachezaji, na anayechelewa kucheza anatupiwa maneno. Nyuma ya migongo ya wakubwa husimama watoto wakichungulia. Wakisogea sana huambiwa waende kwao, hapa si mahali pa watoto.

Amri hiyo inaishi kwa mazoea tu, na hasara yake ni kubwa. Michezo ya mezani inayoweza kuchezwa na familia nzima, bibi kwa mjukuu, baba kwa binti, ipo tayari katika Bonde la Kilombero, na ulio bora kuliko yote ni bao. Umeachiwa wanaume wa makamo na wazee. Watoto wanakua wakiuona kwa mbali, na jioni zao zinaishia kwenye simu ya mzazi au mbele ya runinga ya jirani.

Wapo watu duniani walioamua kwamba mchezo wa kukaa mezani na mtoto ni jambo la kuheshimiwa sawa na kitabu. Wajerumani ni mfano mzuri, na safari yao katika jambo hili inafaa kusimuliwa hapa. Lakini kwanza bao lenyewe, kwa sababu wengi wanaolipita kila siku hawajawahi kukaa nalo.

Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili. Katika bao la Kiswahili mchezo huanza kwa kunamua. Kila mmoja ana kete 10 tu ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba, shimo maalumu la safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, huku kete 22 zikibaki mkononi. Kwa zamu, kete moja moja huingizwa katika safu ya mbele. Ikiwa shimo la mpinzani linalotazamana na hilo lina kete, zote zinaliwa, na hapo ndipo utamu unapoanza. Kete zilizoliwa haziwekwi pembeni kama mateka. Mlaji huzisambaza moja moja upande wake, kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, na ya mwisho ikiangukia mahali penye kete na mbele yake pana za kula, anakula tena. Ikiangukia shimo tupu, inalala, na zamu inahama. Kete za mkononi zikiisha, unaanza mchezo wa mtaji, ambamo kila mmoja anacheza kwa kete zilizoko ubaoni peke yake. Anayeishiwa safu ya mbele, au asiye na la kucheza, amefungwa.

Hakuna dadu, hakuna karata ya kuficha. Kila kitu kipo wazi mbele ya macho ya wote wawili. Tena kete ni 64 mwanzo, ni 64 mwisho. Mchezaji aliyebakiwa na kete chache anaweza kupata mtaji mmoja mrefu ukazunguka ubao na kugeuza kila kitu, kwa hiyo hata anayezidiwa ana sababu ya kuendelea kufikiri mpaka kete ya mwisho. Kwa mtoto hilo ni jambo kubwa. Michezo mingi humtoa mapema aliye dhaifu akabaki kutazama wenzake.

Inatosha kumtazama mtoto wa miaka minane akishika shimo lenye kete tano. Kwanza atazimwaga zote bila kufikiri. Baada ya michezo michache ataanza kunyoosha kidole juu ya ubao bila kugusa kete, moja, mbili, tatu, akipinda kona ya safu ya nyuma, ili ajue ya tano itaangukia wapi. Baadaye kidole kitaacha kutembea, macho yatatosha. Kisha ataanza kuhesabu na za mpinzani. Hesabu hiyo hajaamriwa na mwalimu, wala hajaahidiwa zawadi. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1995 juu ya umahiri wa bao, alikaa na mabingwa wa Zanzibar kwa ajili ya swali moja, akili ya mchezaji inaweza kubeba hatua ngapi kabla mkono haujasogea. Mabingwa wale hawakuwa na siri ya ajabu. Walianza kucheza, wakaendelea kucheza.

Sheria za kunamua, nyumba, kimbi na kutakasia ni nyingi kwa anayeanza, na hii ni sababu moja ya watu kusema bao ni la wakubwa. Ila waliotangulia walishaliona tatizo hilo. Kuna bao la kujifunza, ambalo kete hupangwa mbili mbili katika mashimo yote 32 na mchezo ukaanzia moja kwa moja kwenye mtaji. Mtoto anaweza kulielewa kwa alasiri moja. Wala ubao wa mninga si lazima. Ardhi ya uani inachimbika, kokoto zinaokotwa, na palipo na mkomwe kuna komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zilizofanywa kete tangu zamani.

Mchezo huu una ukoo mkubwa. Wasukuma, ambao wengi wao wamehamia Kilombero na Malinyi na mifugo yao, wana isolo. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, aliliingiza bao katika tungo zake. Mwalimu Nyerere alilipenda, na picha zake akicheza zimeonekana nchi nzima. Mchezo wa kiongozi wa taifa na wa malenga hauwezi kuitwa kazi ya wavivu, lakini ndivyo unavyoitwa majumbani, na mama akisikia kijana wake anashinda kwenye bao huona amepotea.

Kwa haki, mama huyo ana hoja. Kijiwe kina sigara, kina matusi, na mara nyingine kina fedha chini ya ubao. Siku hizi wasiwasi umeongezeka, kwa kuwa vijijini zimeingia mashine za kamari zinazomezeshwa sarafu, na kijana anaweza kubeti mpira kwa simu akiwa amelala kitandani. Sheria inakataza kamari kwa mwenye umri chini ya miaka 18, lakini mashine haiulizi umri. Mzazi aliyekwisha kuona hayo hutia kila kinachoitwa mchezo kwenye kapu moja. Matokeo yake ni kwamba mchezo usiohitaji bahati wala dau unafukuzwa nyumbani, na mtoto anakutana na kubahatisha akiwa hajawahi kukutana na kufikiri. Njia nzuri ya kumtenga mtoto na kijiwe kibaya ni kumletea bao nyumbani, mahali ambapo mama ndiye anayepanga lugha itakayotumika.

Wasichana wamenyimwa zaidi. Wao wana rede, wana kuruka kamba, wana mdako, ule wa kurusha jiwe juu na kuchota mengine shimoni kabla halijatua, mchezo wa mikono myepesi na macho makali. Msichana anayeweza mdako ana kila kinachohitajika kwa bao. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kaa hapa, zamu yako.

Sasa Ujerumani. Majira ya baridi ya mwaka 1907 kuingia 1908, mjini München, Josef Friedrich Schmidt alitafuta namna ya kuwatuliza wanawe ndani ya nyumba, akachora mchezo wa kuzungusha kete kwa dadu. Aliupa jina "Mensch ärgere Dich nicht". Ni ndugu wa ludo, ambayo Waingereza waliisajili mwaka 1896, na zote mbili zimetoka kwenye pachisi ya Wahindi. Ludo haihitaji kuelezwa Ifakara. Inauzwa madukani ikiwa na kioo chake, inachezwa kwenye simu, na kila mtoto anajua uchungu wa kurudishwa nyumbani akiwa amebakiza hatua mbili. Schmidt alianza kuutengeneza mchezo wake kwa wingi mwaka 1914, na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipopamba moto alituma seti 3,000 kwa hospitali za wanajeshi. Vita hiyohiyo ilifika mpaka Mahenge, ambako Wajerumani waliondoshwa na majeshi ya Wabelgiji Oktoba 1917. Kufikia 1920 mchezo uliotungwa kwa ajili ya watoto wa nyumba moja ulikuwa umeuza nakala milioni moja.

Kilichofuata miaka ya baadaye ni cha kuigwa zaidi. Mwaka 1978 wahakiki wa michezo wa Ujerumani waliunda jopo la kuchagua mchezo bora wa familia wa kila mwaka, na mwaka 1979 wakatoa tuzo yao ya kwanza, Spiel des Jahres. Mshindi hapewi fedha. Anachopewa ni haki ya kubandika alama ya tuzo kwenye boksi, na alama hiyo peke yake huweza kuuza nakala mamia ya maelfu, kwa kuwa familia za Kijerumani zimezoea kuitafuta kabla ya Krismasi. Mwaka 1988, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea watoto mjini Nürnberg, watunzi 13 walitia saini zao kwenye kipande cha karatasi ngumu cha kuwekea glasi ya bia. Walikubaliana kwamba hakuna atakayempa kiwanda mchezo wake kama jina la mtunzi halitaandikwa juu ya boksi. Tangu hapo mtunzi wa mchezo akawa mtu mwenye jina, kama mtunzi wa riwaya.

Mtunzi mmoja anayejulikana sana, Klaus Teuber, alikuwa fundi wa meno bandia. Alitunga michezo akiwa kwenye chumba cha chini ya nyumba yake baada ya kazi, kisha akapanda nayo juu kuijaribu na mke na watoto. Mchezo wake wa kisiwa cha Catan ulichukua tuzo mwaka 1995 na umeshauzwa zaidi ya nakala milioni 30. Wachezaji wanajenga barabara na vijiji, na asiye na mbao anabadilishana na mwenye nafaka. Watoto wa wafanyabiashara wa mchele wa Ifakara wangeuelewa ndani ya dakika kumi. Teuber alifariki mwaka 2023.

Watu wa fani hii wakizungumzia michezo ya Kijerumani huwa na maana ya tabia fulani. Mchezo huisha kabla watoto hawajachoka. Hakuna anayetolewa katikati. Bahati ipo, lakini kidogo, ili mtoto aweze kumshinda baba mara moja moja na baba asihitaji kujifanya mjinga. Kuna la kufanya hata zamu ikiwa ya mwingine. Bao lina karibu yote hayo, isipokuwa hiyo bahati kidogo, na ndiyo maana mtoto mdogo sana hulikatia tamaa. Kwa hao wadogo Ujerumani ina jibu jingine, na jibu hilo linafanana na Kilombero kwa namna ya kushangaza.

Mchezo wenyewe unaitwa Obstgarten. Aliyeutunga ni Anneliese Farkaschovsky, na kampuni ya Haba iliutoa mwaka 1986. Ni bustani yenye miti minne, kila mti una matunda kumi. Kuna kunguru anayekuja kula. Watoto hawashindani wao kwa wao, wote wako upande mmoja, na adui ni ndege. Wanarusha dadu kwa zamu. Ikitokea rangi, mtoto anachuma tunda la rangi hiyo. Likitokea kapu, anachuma mawili ayapendayo. Akitokea kunguru, kipande kimoja cha picha yake kinawekwa mezani, na picha ina vipande tisa. Picha ikikamilika kabla matunda hayajaisha mitini, kunguru ameshinda na watoto wote wameshindwa pamoja.

Mtoto wa Kilombero ameucheza mchezo huo kwa jasho. Kilimo cha mpunga ndicho kinachopanga maisha ya bonde. Mashamba mengi yako mbali na makazi, na msimu ukifika familia huhamia huko, zikakaa wiki au miezi katika vibanda vya shambani mpaka mavuno. Mpunga ukianza kutunga, kwelea kwelea wanashuka kwa makundi, na kazi ya kuamia huangukia watoto na kina mama. Wanakaa kwenye dungu na kombeo, na makopo ya kugonga, wanapiga kelele tangu alfajiri. Ndege hula sana asubuhi na jioni. Mchana wa jua kali hupumzika, na wanaoamia nao hupumzika, saa tatu au nne za ukimya ambazo kwa kawaida hazina kitu.

Saa hizo zinatosha mchezo. Na mchezo wa kuamia unaweza kutengenezwa palepale shambani kwa dakika chache. Chungu nne zinapangwa juu ya mkeka, punje kumi za mahindi, kumi za maharage, kumi za karanga, kumi za choroko. Kipande cha mti kinachongwa kiwe dadu, nyuso nne zikawekewa alama za mazao hayo kwa mkaa, uso wa tano kapu, wa sita ndege. Mstari wa vituo tisa unachorwa mchangani, na kila ndege akitokea jiwe moja linasogea. Jiwe likifika kituo cha tisa kabla mkeka haujawa mtupu, kwelea wamekula shamba. Mtoto wa miaka minne anaweza kucheza na wa miaka kumi, na wote wakamsaidia mdogo kuamua. Muda si mrefu watagundua kwamba kapu likitokea ni vizuri kuchukua kutoka chungu kubwa, ili kila uso wa dadu uendelee kuwa na faida mpaka mwisho. Hakuna haja ya kuwaambia. Watabishana mpaka waone wenyewe.

Bonde lina mambo mengine mengi yanayosubiri mtunzi. Mafuriko ya masika yanayofunga njia na kurutubisha mashamba kwa wakati uleule. Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, inayopita Mang'ula, Ifakara na Mlimba ikielekea Zambia. Kivuko cha zamani cha Mto Kilombero na daraja la mita 384 lililozinduliwa mwaka 2018 kuelekea Mahenge na Malinyi. Viboko, tembo, mumbi, wavuvi wa Kindamba na mitumbwi yao. Ardhi oevu ya Kilombero imo katika orodha ya Ramsar tangu 2002, na watoto wanaoishi humo wanajifunza habari zake darasani kama sentensi ya kukariri. Mchezo wa ubaoni ambao mchezaji lazima aamue ni wapi alime na ni wapi apaachie maji ungewafundisha zaidi. Mwalimu wa sanaa, fundi seremala na mzee mmoja anayeijua historia ya bonde wakikaa pamoja wanaweza kuutunga. Teuber hakuwa na zaidi ya hapo alipoanza.

Boksi la mchezo kutoka Ulaya likifika Dar es Salaam huwa na bei ambayo mkulima wa Kilombero hawezi wala hapaswi kuilipa, na hakuna anayependekeza hivyo. Kinachofaa kuagizwa kutoka Ujerumani ni mtazamo. Malighafi imejaa bondeni. Msaji umekuwa ukipandwa kibiashara Kilombero na Ulanga tangu miaka ya 1990, na kila karakana ya seremala ina vipande visivyotosha kuwa hata mguu wa kiti. Kipande kimoja kinatosha mashimo 32. Fundi anayechonga vitanda Ifakara angeweza kuchonga bao dogo la mtoto, la mashimo yanayolingana na vidole vyake, akaliuza kwa bei ya madaftari machache. Vizibo vya drafti ni bure.

Jambo la mbu nalo halipitwi na mwandishi yeyote wa habari za Ifakara. Mji huu umeijua malaria kwa karibu kuliko mingi duniani. Rudolf Geigy, mwanazuolojia wa Basel, alifika hapa mwaka 1949, na maabara aliyoianzisha mwaka 1957 ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Miaka ya 1990 mradi wa KINET ulisambaza vyandarua Kilombero na Ulanga. Watafiti wa taasisi hiyo wamekuwa wakionyesha kwamba mbu wengine huuma watu wangali nje, kabla hawajaingia kwenye neti. Saa ya baada ya chakula cha usiku, ambayo watoto huimalizia barazani au kwenye kibanda cha video, ni saa ya mbu. Bao linachezeka ndani, hata kitandani chini ya chandarua, kwa mwanga wa taa ndogo ya sola. Halizuii malaria, lakini linamtuliza mtoto pale ambapo mzazi angependa awe.

Wapo watakaosema mtoto wa mkulima ana kazi, na muda wa mchezo ni wa watoto wa mjini. Wengine watauliza bao linaongeza alama ngapi kwenye mtihani wa darasa la saba. Makala haya hayaahidi alama. Kuhesabu kwa kichwa, kungoja zamu na kukubali kushindwa bila kuvunja ubao vina faida inayoonekana, lakini mtoto ana haki ya kucheza hata kama faida hiyo isingekuwepo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayataja mapumziko miongoni mwa haki anazostahili kwa wazazi wake, pamoja na afya na elimu. Mchezo mmoja wa bao la kujifunza huisha kabla chungu cha maharage hakijaiva.

Pingamizi lenye uzito zaidi halisemwi kwa sauti. Baba anaogopa kufungwa na mtoto mbele za watu. Huku nyumbani dawa yake ipo siku zote, ni utani wa babu na mjukuu. Mjukuu anaweza kumcheka babu yake kwamba kete zake zimelala njaa, na babu akamjibu kwamba atamchukua yeye na nyumba yake, na hakuna heshima iliyovunjika. Nyumba yenye babu au bibi anayejua bao ina mwalimu tayari. Aanze yeye. Baba atasogea mwenyewe akiona amebaki peke yake na simu.

Shule nazo zina sehemu yake. Watumishi wa serikali hucheza bao, drafti na karata kwenye mashindano yao ya SHIMIWI, na manispaa ya Morogoro imewahi kuwa mwenyeji. Ofisa wa serikali anasafiri kwa gari la ofisi kwenda kushindana bao, halafu shule ya msingi iliyo mita mia mbili kutoka ofisini kwake haina ubao hata mmoja. UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, inatukuza soka, netiboli na riadha, na ni sawa, lakini mtoto mwenye mguu mbovu au pumzi fupi anabaki kushangilia tu. Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki zina michezo ya mashimo na kete ambayo ni ndugu wa bao. Ziliipeleka UNESCO kwa pamoja, na mwaka 2020 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Pwani ya Waswahili, yenye mchezo mgumu kuliko hiyo, bado inaucheza chini ya mwembe na kuwafukuza watoto wake.

Ofisa michezo wa Halmashauri ya Mji wa Ifakara anaweza kuanza na shule tano na seremala mmoja, bila kungoja bajeti ya wizara. Walimu wakuu wa Mlimba, Mang'ula, Lupiro na Mahenge wanaweza kuchimbisha mabao kivulini karibu na viwanja vya mpira na kumwalika mzee mmoja wa kijiji kila Ijumaa mchana. Mzazi ana kazi rahisi kuliko wote. Likizo ya Juni ikifika, mpunga ukiwa umeshaingia kwenye magunia au ungali unapigwa, achimbe mashimo 32 uani, aokote kokoto 64, azipange mbili mbili, amwite binti yake kwanza kabla ya mtoto wa kiume, na amwachie aanze.